Jengo Kwanza, Mwalimu Baadaye

Mwezi uliopita nilienda nyumbani kumsaidia mama kupanga vitu vyake. Amestaafu ualimu, na mwalimu akistaafu nyumba hujaa karatasi. Maazimio ya kazi ya miaka iliyopita, rejista kuukuu, ramani ya Afrika iliyochanika pale Chad, chaki za rangi ambazo hakuwahi kuzitumia kwa sababu alikuwa akizitunzia siku ya wageni.

Chini kabisa ya katoni moja nikakuta vitabu vyembamba vyenye majalada yaliyofifia. Vilikuwa vya KISE, yaani Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya. Pembeni mwa kurasa kulikuwa na maandishi ya penseli, mwandiko wa mama, na katika kitabu kimoja michoro ya mikono yenye mishale ya kuonyesha kidole kielekee wapi.

Nikamuuliza, "Mama, hivi ulivisomea nini na wewe ulikuwa unafundisha shule ya kawaida?"

Akafuta vumbi kwenye jalada, akanyamaza kidogo. "Kwa sababu ya yule mtoto."

Sikuuliza ni mtoto yupi. Nilimjua.

Mwaka 2003 nilikuwa darasa la pili katika shule ambayo mama alifundisha. Ndio mwaka karo ya shule za msingi ilipofutwa na watoto wakamiminika. Darasa la kwanza la mama lilikuwa na watoto zaidi ya tisini. Miongoni mwao alikuwamo mvulana mmoja mkubwa kuliko wenzake, nadhani wa miaka kumi hivi. Hakujibu akiitwa. Alipoulizwa swali alitabasamu. Mama alidhani ni mkaidi, na nasema hili kwa ruhusa yake mwenyewe, alimwadhibu kwa ukaidi huo. Baadaye akamsogeza nyuma ili asiwavuruge wengine. Ilichukua karibu muhula mzima kabla ya mama kupiga makofi nyuma ya kichwa chake na kuona kwamba hakugeuka.

Hakuwa mkaidi. Alikuwa kiziwi. Na mama, mwenye cheti cha P1 na uzoefu wa miaka mingi, hakujua afanye nini. Alimwandikia ubaoni, lakini mtoto hakujua kusoma. Alimwelekeza kwa mikono, lakini mikono ya mama haikuwa na lugha. Baada ya mwaka na nusu mvulana akaacha kuja. Alionekana akichunga ng'ombe wa jirani.

Basi niliporudi Nairobi nilianza kuchimba. Si mnatujua sisi waandishi wa habari, tukipata uzi hatuachi mpaka fulana yote ifumuke. Nilitaka kujua jambo moja tu: nchi inayowaambia watoto wote njooni shule, imekuwa ikiwaandaaje walimu wa kuwapokea? Nilichokikuta ni historia ndefu yenye tabia moja inayojirudia. Karibu kila mara tumejenga nyumba kwanza, tumewaita watoto, halafu tukakumbuka kwamba hakuna mwalimu.

Lakini tabia hiyo hatukuianzisha sisi, kwa hiyo nivumilieni kidogo tupitie Ulaya kabla ya kurudi Thika.

Katika miaka ya 1760 padri mmoja wa Ufaransa, Charles-Michel de l'Épée, alikuwa na shule ya viziwi jijini Paris. Alichofanya cha maana ni kukubali kwamba viziwi wana ishara zao, na kwamba mwalimu anaweza kuanzia hapo. Watu wa nchi nyingine walikwenda Paris kujifunza njia hiyo, kwa hiyo shule ile ikawa pia kama chuo cha ualimu. Mwaka 1816 Mmarekani Thomas Gallaudet, aliyekwenda Ulaya kutafuta ujuzi huo, alirudi kwao akiwa na mwalimu wa shule hiyo, Laurent Clerc. Clerc alikuwa kiziwi mwenyewe, na alikuwa mwanafunzi wa hapo kabla ya kuwa mwalimu. Mwaka 1817 wakafungua shule Hartford, Connecticut. Jijini Paris hiyohiyo, katika shule ya wasioona iliyoanzishwa na Valentin Haüy, mwanafunzi Louis Braille alikua akawa mwalimu wa palepale, na mwaka 1829 akachapisha maandishi ya nukta ambayo leo tunayaita kwa jina lake.

Angalia vizuri hapo. Mwanzoni mwa karne ya 19 kiziwi aliweza kuwa mwalimu wa viziwi na asiyeona akawa mwalimu wa wasioona. Mwanafunzi alikuwa mbegu ya mwalimu.

Kisha ukaja mkutano wa Milan, Italia, Septemba 1880. Walikusanyika wajumbe 164 hivi wa elimu ya viziwi. Kiziwi kati yao alikuwa mmoja tu. Wakapiga kura kwamba njia bora ya kumfundisha kiziwi ni kumfundisha kutamka na kusoma midomo, na kwamba ishara ziachwe. Marekani na Uingereza zilikuwa na wajumbe waliopinga, lakini walizidiwa kwa kura.

Matokeo yake kwa ualimu yalikuwa rahisi kuyatabiri. Kama kazi ya mwalimu ni kufundisha kutamka, basi kiziwi hawezi kuwa mwalimu. Walimu viziwi wakaanza kuondolewa katika shule za Ulaya, na Marekani nako idadi yao ikapungua sana. Mafunzo ya ualimu wa viziwi yakawa kazi ya watu wanaosikia, wakifunzwa na watu wanaosikia. Ilikuja kuchukua miaka 130 kabla ya mkutano wa aina hiyohiyo, uliofanyika Vancouver, Kanada, Julai 2010, kuyakataa rasmi maazimio ya Milan na kueleza majuto.

Haya, sasa turudi nyumbani.

Shule ya kwanza ya wasioona katika Afrika Mashariki ilianza Thika mwaka 1946, chini ya Jeshi la Wokovu. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha punde, na miongoni mwa waliorudi walikuwamo askari waliopoteza macho. Mwaka 1950 Kanisa la Anglikana likafungua shule ya wasioona Buigiri, karibu na Dodoma. Mwaka 1961 zikaja shule za viziwi za Mumias na Nyang'oma, zote za Wakatoliki, na mwaka 1962 Jeshi la Wokovu likafungua Joytown, Thika, kwa watoto wenye ulemavu wa viungo. Tanganyika nako Wakatoliki wakafungua shule ya viziwi Tabora mwaka 1963.

Ukizipanga tarehe hizo utaona kwamba serikali ya kikoloni haikuwa mbele. Makanisa ndiyo yalitangulia, na yalifanya hivyo kama kazi ya huruma. Sisemi haya kuyabeza. Kama si wao, watoto wale wangebaki vyumbani mlango umefungwa. Lakini huruma ina tabia ya kuuliza mtoto atalala wapi na atakula nini, kabla ya kuuliza nani atamfundisha hesabu. Hapa kwetu hapakuwa na chuo hata kimoja cha kumwandaa mwalimu wa shule hizo. Aliyeajiriwa alijifunza kazi akiwa kazini, kwa kumtazama aliyemtangulia. Wachache waliopata mafunzo rasmi waliyapata ng'ambo, hasa Uingereza, ambako Chuo Kikuu cha Manchester kilikuwa kikifunza walimu wa viziwi tangu mwaka 1919.

Na kilichofunzwa Uingereza miaka hiyo kilikuwa nini? Njia ya mdomo. Kura iliyopigwa Milan mwaka 1880 ikasafiri mpaka Mumias na Nyang'oma. Mtoto wa Kiluhya au wa Kiluo aliyezaliwa haisikii hata lugha ya mama yake aliketishwa mbele ya mwalimu ajifunze kutazama midomo ikitamka maneno ya Kiingereza. Mikono ilikatazwa. Ishara zilizungumzwa bwenini na uwanjani, mwalimu akiwa mbali. Kwa hiyo lugha iliyokuja kuwa Lugha ya Ishara ya Kenya ililelewa na watoto wenyewe, kwa siri, na walimu waliolipwa kuwafundisha hawakuijua.

Kulikuwa na njia nyingine lakini, na Afrika hiihii iliiona. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Alabama mwaka 1925, alipoteza usikivu akiwa na miaka 11 kwa sababu ya homa ya uti wa mgongo. Mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada katika Chuo cha Gallaudet, kile cha viziwi jijini Washington. Mwaka 1957 akafungua shule Accra, Ghana. Hakuishia hapo. Mpaka kufa kwake alikuwa amesaidia kuanzisha shule zaidi ya thelathini katika nchi kadhaa za Afrika, na Ibadan, Nigeria, alikuwa na kituo cha kuwafunza vijana viziwi wa Kiafrika wawe walimu na viongozi, warudi kwao wakafungue shule.

Foster hakusubiri jengo. Mara nyingi alianza kwenye madarasa ya kuazimwa, watoto wa wenyewe wakishaenda nyumbani. Alichokuwa nacho tangu siku ya kwanza ni mwalimu, naye ni yeye mwenyewe. Alikosolewa baadaye kwa kuleta ishara za Kimarekani badala ya kuanzia na zile walizokuwa nazo watoto, na ukosoaji huo ni wa haki. Lakini alikuwa amelirudisha lile lililoondolewa Milan: kwamba kiziwi anaweza kumfunza kiziwi, na anaweza kumfunza mwalimu pia. Alifariki tarehe 3 Desemba 1987, ndege ndogo aliyopanda ilipoanguka Rwanda akiwa njiani kuja Nairobi.

Sisi huku baada ya uhuru tulikuwa tunaandika ripoti.

Na ripoti zenyewe zilikuwa nzuri, msidhani natania. Tume ya Ominde, mwaka 1964, ilitaka watoto wenye ulemavu mdogo wasome katika shule za kawaida, na walimu wapewe mafunzo ya kuwahudumia. Mwaka 1964! Soma tena tarehe hiyo. Wazo ambalo leo tunaliita elimu jumuishi, na tunaliwekea makongamano hotelini, lilikuwa mezani Nairobi kabla mama yangu hajaanza shule. Mwaka 1976 Tume ya Gachathi ikarudia mengi, ikaongeza haja ya kuwatambua watoto mapema na ya kuwa na sera.

Kilichofanyika ni kozi ndogo za elimu maalum ndani ya vyuo vya ualimu vya kawaida, Siriba kule Maseno na Highridge hapa Nairobi. Zilitoa walimu wa shule maalum, wachache kwa wachache. Mwalimu wa shule ya kijijini hakuguswa. Na mwaka 1974, Rais Kenyatta alipofuta karo ya darasa la kwanza hadi la nne, madarasa yalifurika, na nchi ikalazimika kuajiri maelfu ya watu ambao hawakuwa wamesomea ualimu wowote, sembuse ualimu maalum. Watoto walikuja, mwalimu hakuwapo. Likumbuke hilo, kwa sababu litarudi.

Mabadiliko makubwa yalikuja katika miaka ya 1980. Kenya iliutangaza mwaka 1980 kuwa mwaka wa kitaifa wa watu wenye ulemavu, na Umoja wa Mataifa ukafanya hivyo kwa dunia nzima mwaka 1981. Maneno ya mwaka wa kimataifa kwa kawaida huisha tarehe 31 Desemba, lakini safari hii kitu kilibaki. Mwaka 1984, kwa msaada wa serikali ya Denmark, vikaanzishwa vituo vya kuwapima na kuwashauri watoto wenye ulemavu, vikiendeshwa na walimu. Huyu ni mwalimu aliyefunzwa kutambua kama mtoto hasikii, haoni vizuri au anajifunza polepole, kumweleza mzazi, na kutafuta mahali pa kumpeleka. Kwa mara ya kwanza wilayani kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ni kumwambia mama kama wangu, "Mwalimu, mtoto huyu si mkaidi."

Kisha tarehe 14 Februari 1986, kwa Tangazo la Kisheria nambari 17, ikazaliwa KISE, nayo kwa msaada wa Denmark. Ukipita Thika Road, pale Kasarani, ndipo ilipo. Kozi zilizokuwa zimetawanyika zikaletwa pamoja. Mwalimu wa P1 mwenye uzoefu aliacha darasa lake, akaja kukaa miaka miwili, akachagua eneo: viziwi, wasioona, ulemavu wa akili au ulemavu wa viungo. Palikuwa na karakana ya vifaa, maktaba, sehemu ya kupimia watoto. Majirani nao walijenga. Uganda ilipata taasisi yake pale Kyambogo, nayo kwa mkono wa Denmark, ambayo mwaka 2003 iliingizwa katika Chuo Kikuu cha Kyambogo. Tanzania ina chuo chake cha ualimu wa elimu maalum Patandi, karibu na Arusha. Kenyatta na Maseno vikaanzisha shahada.

Miaka hiyohiyo ndipo mikono ya viziwi ilipofunguliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Kenya iliacha kushikilia njia ya mdomo peke yake, ikaruhusu ishara darasani pamoja na matamshi na maandishi, baada ya majaribio katika shule ya viziwi ya Machakos. Mmoja wa waliosukuma jambo hilo ni Dkt. Michael Ndurumo, msomi kiziwi aliyepata uzamivu wake Marekani na baadaye kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1991 chuo hicho kikaanza mradi wa utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya. Ona ilivyotokea: mambo yalianza kwenda vizuri pale kiziwi alipokaa upande wa wanaofundisha walimu.

Kwa hiyo KISE ni jibu? Kwa swali la mwaka 1986, ndiyo. Tatizo ni kwamba swali lilibadilika.

Juni 1994, Salamanca, Hispania, serikali 92 na mashirika 25 ya kimataifa zilikubaliana kwamba shule ya kawaida impokee kila mtoto, bila kujali hali yake. Ni wazo la haki kabisa. Lakini fikiria hesabu yake upande wa ualimu. Watoto viziwi mia mbili wakiwa shule moja, unahitaji walimu kumi na kitu waliobobea. Watoto haohao wakisoma kila mmoja kijijini kwake, ghafla unahitaji ujuzi huo katika shule mia mbili. Elimu jumuishi ilimhamisha mtoto kutoka kwa mwalimu aliyefunzwa kwenda kwa mwalimu ambaye hakufunzwa. Iwapo hukubadilisha chuo cha ualimu cha kawaida kwanza, hujajumuisha mtu. Umemhamisha tu.

Na Januari 2003 ndivyo tulivyofanya. Serikali ya Rais Kibaki ilifuta karo, na idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ikapanda kutoka kama milioni 5.9 hadi kama milioni 7.2. Miongoni mwa waliokuja walikuwamo watoto wenye ulemavu ambao wazazi wao hawakuwa wameweza kulipa, au waliokuwa wamefichwa. Lakini tangu mwaka 1998 serikali ilikuwa imesimamisha kuongeza walimu. Aliyeajiriwa alikuwa wa kujaza pengo la aliyeondoka. Mwaka huohuo wa 2003 Bunge lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, na jopo lililoongozwa na Dkt. Kochung likachunguza hali ya elimu maalum. Sheria ipo, jopo lipo, watoto wapo. Mwalimu? 1974 imerudi.

Mwalimu alikuwa mama, na watoto tisini, na mvulana mmoja anayetabasamu.

Hapa ndipo vile vitabu vya kwenye katoni vinaingia. KISE ilijua kwamba Kasarani haiwezi kuwatosha walimu wote, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaanza kufundisha kwa masafa. Walimu walipewa vitabu wakavisome nyumbani, na likizo ya Aprili, Agosti na Desemba walikutana katika vituo wilayani, wakifundishwa asubuhi mpaka jioni. Walimu walijilipia wenyewe. Mama alikopa kwenye chama cha akiba na mkopo. Nakumbuka likizo ambazo hatukumwona, tulipikiwa na shangazi, na mama alirudi Ijumaa na viatu vyenye vumbi na begi la karatasi. Maelfu ya walimu walisoma hivyo. Ni kweli wengine walifuata kupandishwa daraja, na sioni dhambi hapo. Mshahara wa mwalimu tunaujua. Lakini kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote lililowahi kufanywa hapa kuupeleka ujuzi huu vijijini, na sehemu kubwa ya gharama yake iliwaangukia walimu.

Nilimuuliza mama kama vitabu vilimfaa. Akacheka. "Wewe ungejifunza kuendesha baiskeli kwa kitabu?" Michoro ile ya mikono, alisema, ilimchanganya zaidi ya kumsaidia. Mishale haionyeshi kasi, wala uso. Alichojifunza kweli cha lugha ya ishara alikipata siku tatu ambazo alikuja mkufunzi aliye kiziwi. Hakukuwa na mkalimani siku ya kwanza, walimu arobaini watu wazima wakabaki kukodoa macho, hawaelewi kitu, wanatabasamu tu.

"Ndipo nikamwona yule mtoto," akasema. "Nilikuwa natabasamu kama yeye."

Siku tatu. Mkufunzi mmoja. Natamani wale wajumbe wa Milan wangekaa kwenye lile darasa.

Alipomaliza kozi, mvulana alikuwa ameshaondoka zamani. Na hapa kuna kasoro nyingine ambayo kila mwalimu wa elimu maalum atakusimulia: mama alikuwa na diploma, shule haikuwa na mtoto kiziwi, na hakuna aliyemuuliza kama ahamishwe mahali wanapohitajika. Aliendelea na darasa lake la kwanza. Lakini ujuzi hauozi. Miaka michache baadaye alikuja msichana aliyekuwa akigusisha pua kwenye daftari ili asome. Mama akamweka mbele, upande wa dirisha, akamwandikia kwa herufi kubwa, akampeleka kupimwa. Msichana huyo alimaliza darasa la nane. Bila vile vitabu vyembamba angeitwa mvivu.

Tangu hapo mambo kadhaa yamesogea. Kenya iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu cha 24 cha mkataba huo kinataka serikali ziajiri walimu wanaojua lugha ya ishara na breli, wakiwamo walimu wenye ulemavu wenyewe. Katiba ya 2010 inaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya, hata ikaifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Sera ya mwaka 2018 imeweka elimu jumuishi mbele. Na kuanzia mwaka 2021, vyuo vya ualimu vilipoacha cheti cha P1 na kuingia diploma mpya, elimu jumuishi ni somo la kila anayesomea ualimu wa msingi. Kila mmoja. Ominde alilisema jambo la namna hiyo mwaka 1964. Hesabu mwenyewe imechukua miaka mingapi.

Sitaki nieleweke vibaya. Sisemi tufunge Thika wala Mumias. Mtoto kiziwi anahitaji viziwi wenzake wa kuzungumza nao, na kumpeleka peke yake katika shule ya watoto elfu moja wanaosikia kunaweza kuwa upweke wenye sare ya shule. Wala sidhani somo moja la chuoni litampa kijana wa miaka ishirini ujuzi ambao Kasarani ilimfundisha mtu kwa miaka miwili. Tunahitaji vyote viwili: kila mwalimu ajue kutambua na kuanza, na wabobezi wawepo karibu wa kumshika mkono. Na wakufunzi wawe pia wale wanaoijua hali yenyewe kwa miili yao.

Ninachosema ni kwamba tubadilishe mpangilio. Jengo ni rahisi kupigiwa picha. Lina utepe wa kukatwa, lina jiwe la msingi lenye jina la mheshimiwa. Mwalimu anayefunzwa miaka miwili hana utepe. Ndiyo maana kwenye historia hii nyumba zina tarehe kamili na walimu hawana. Nimeweza kukuambia Thika ilifunguliwa mwaka gani, lakini majina ya waliojifunza breli usiku kwa taa ya mafuta ili wafundishe asubuhi sikuyakuta popote.

Kwa hiyo siku nyingine ukisoma habari kwamba bweni jipya la watoto wenye ulemavu limefunguliwa mahali, na nitakiri kwamba mimi mwenyewe nimewahi kuandika habari za namna hiyo bila kuuliza, hebu uliza: watafundishwa na nani, na huyo amefunzwa wapi, na nani?

Vitabu mama amekataa nisivitupe. Viko kwenye kabati la vyombo, chini ya sahani za wageni. Nilipokuwa naondoka alinionyesha jina langu kwa vidole, herufi moja baada ya nyingine, polepole, akikosea moja na kurudia. Nikamuuliza kama aliwahi kumwona tena yule mvulana. Alisema alimwona mara moja sokoni, ni mtu mzima sasa, anapakia magunia kwenye lori. Mama alimsalimu kwa ishara. Hakuelewa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha.

Alitabasamu tu.